Soga Likikatika

Mteja aliinuka kitini na nusu kichwa. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimeshasukwa, mistari imelala vizuri, na upande wa kushoto zimesimama kama zilivyoamka asubuhi. Akavuta mtandio wake, akajifunga kwa hasira, kisha akasema mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu kwenye benchi:

"Mimi nimekuja kusukwa, sikuja kunyongwa! Mara unavuta kama unang'oa magugu, mara mkono unatetemeka. Na hata pole husemi."

Msusi hakusema pole. Alibaki amesimama na kitana mkononi, anavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine aliyeviacha pale kwa muda.

"Samahani, dada," binti yake aliingilia, ufagio mkononi. "Rudi kesho atakumalizia. Mama hajisikii vizuri."

"Hajisikii vizuri mwezi mzima? Mwambie ajifunze kwanza kusalimia watu."

Akatoka. Wale wawili wa kwenye benchi wakatazamana. Mmoja akakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni, na mwenzake, ambaye hakuwa ameacha chochote popote, akasema ngoja amsindikize. Saluni ikabaki na mama na mwana na feni inayolia juu.

Jamani, saluni ile! Aliyeijua siku zake nzuri hawezi kuamini. Mwanamke alikuwa akimaliza kusukwa hataki kuondoka. Anajitazama kwenye kioo mara tano, anaomba maji, anauliza bei ya rasta ambazo hana haja nazo, mradi tu asikie mwisho wa maneno ya Redio. Redio alikuwa dada mkubwa wa Msusi. Hakuwa msusi, hakujua hata kufunga kilemba kikakaa, lakini kila alasiri alikuja kukaa kwenye kiti kile cha pembeni na kuongea. Jina alilopewa na wazazi wake watu walilisahau. Mdogo wake alisuka, yeye alipiga soga, na wateja walisema wanalipia vyote viwili.

Sasa kile kiti kilikuwa na mafurushi ya taulo juu yake. Redio aliumwa tumbo siku chache tu, akaingia hospitali akiwa anawatania wauguzi, na hakutoka.

*

Familia iliishi nyuma ya saluni, vyumba viwili na ua mdogo wenye bomba lisilovuja hata tone. Mume wa Msusi alikuwa fundi bomba, na hilo alijivunia, maana mafundi wengi kwao kunavuja kuliko kwa wateja wao. Jioni hiyo aliingia na mkoba wake wa spana, akamkuta mkewe anajishusha kwenye kigoda, mikono yote miwili ukutani.

"Miguu tena?"

"Imekaza kidogo."

"Kidogo! Jana nimekuona unapanda ngazi kiubavu kama kaa."

"Kocha anasema maumivu ni dalili kwamba mwili unajengeka."

"Basi kwa maumivu hayo ungekuwa umeshakuwa ghorofa, mke wangu."

Binti akacheka. Alipoona mama yake hacheki, akajifanya anakohoa. Zamani Msusi angemrudishia mumewe mzaha huo mara mbili, na wangeendelea hivyo hadi chakula kipoe. Fundi Bomba alikuwa akimrushia mizaha kila siku kuona kama mmoja utapata. Hakuna uliopata. Walilala kitanda kimoja, wakala meza moja, na bado alikuwa akimkumbuka mkewe kama mtu aliyesafiri.

"Baba," Binti alisema, "leo mteja ameondoka na nusu kichwa."

"Nani kakuuliza wewe?" Msusi akamgeukia.

"Lakini Mama, mikono yako inatetemeka. Wateja wakiisha tutafanya nini? Na usiku hulali, nakusikia unazunguka ndani. Unatufokea sisi, unafokea hata feni."

Msusi akainua kikombe cha chai kuonyesha kwamba mkono hautetemeki. Chai ikamwagika kwenye kitenge. Wote watatu wakaitazama ikienea.

"Rudi kwetu," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Achana na ule ukumbi wa mazoezi. Kundi letu la mbio linakuulizia kila asubuhi."

"Linaniulizia mimi, au linaulizia mwisho wa hadithi?"

Ukweli ni kwamba lilikuwa linaulizia vyote.

*

Kundi hilo lilikuwa la watu kumi na kitu wa mtaa ule, waliokuwa wakikimbia pamoja asubuhi kabla ya kazi, kuzunguka uwanja wa shule kisha kufuata barabara ya maghala na kurudi. Aliyelianzisha ni Mwalimu Mstaafu, baada ya daktari kumwambia kwamba moyo wake unahitaji mazoezi, ila asizidishe. Akamuuliza daktari, nitajuaje kama nimezidisha? Daktari akamwambia: ukiweza kuongea huku unakimbia, uko sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, akayageuza maneno hayo kuwa sheria ya kundi. Kila asubuhi mtu mmoja alikaa katikati ya kundi na kupiga soga kwa sauti, wengine wanamzunguka, wanakimbia wanasikiliza. Ilimradi soga linatiririka, mwendo ni huo huo. Soga likikatika, mwendo unapungua, kundi zima, hata mwenye miguu ya farasi. Hakuna anayeuliza kwa nini. Msemaji akipata pumzi, anaendelea, nao wanaongeza.

Mwanzoni walipokezana. Dereva wa Lori alisimulia mambo ya barabarani, yote ya uongo. Mwalimu alisimulia historia, na watu wakaanza kuchelewa kuamka. Kisha Msusi akamleta dada yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyedai zamu tena. Mwanamke yule alikuwa mnene, mguu mmoja unamuuma, lakini mapafu, loo! Alikimbia anaongea, anaiga sauti, anawacheka watu usoni. Fundi Bomba alikaa nyuma kabisa asiachwe mtu, na kila asubuhi alipiga kelele kutoka huko:

"Redio, ongeza sauti! Huku nyuma hatusikii!"

"Shemeji, nunua betri!"

Watu walicheka wakikimbia, na kucheka huku unakimbia ni kazi ngumu kuliko kukimbia kwenyewe. Walirudi majumbani wamelowa jasho, vichwa vyepesi, wakaenda makazini wanatabasamu peke yao njiani. Mwalimu alipimwa tena moyo, daktari akamuuliza anatumia dawa gani. Siku hizo hawakujua kwamba ni siku nzuri. Waliziona za kawaida tu.

Hadithi ya mwisho ya Redio ilikuwa ya utotoni mwao wenyewe. Yeye na mdogo wake waliichukua baiskeli ya baba bila ruhusa, baiskeli kubwa ya chuma ambayo mzee hakumruhusu hata mkewe kuigusa. Hadithi hiyo aliivuta kwa siku nyingi, leo wanaitoa uani, kesho wanajifunza kupanda. Asubuhi ya mwisho aliwafikisha juu ya mteremko.

"Breki ikakatika! Mimi nashika usukani, huyu mdogo wangu yuko nyuma kwenye keria, kanikumbatia kiuno, hajui kitu. Ananiuliza, dada, mbona hatusimami?"

"Ikawaje?" Dereva wa Lori alipiga kelele.

"Tumefika nyumbani, ndugu zangu. Kesho."

Alikuwa akikata hivyo kila siku, mahali pabaya, kwa makusudi. Kesho yake hakuja. Na baada ya maziko Msusi naye hakurudi kwenye kundi. Watu wote pale walikuwa na heshima zao, hakuna ambaye angemuuliza. Lakini alijua wangemtazama, kwa sababu duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyekuwa kwenye ile baiskeli.

*

Ukumbi aliokimbilia ulikuwa ghala la zamani, vioo upande mmoja, spika mbili kubwa kama makabati, na kocha, kijana aliyeitwa Chuma. Lilikuwa jina lake la mazoezini na lilimfaa. Kauli yake ya kwanza kwa kila mgeni ilikuwa ile ile.

"Hapa hakuna maneno! Ukiweza kuongea, bado hujafanya kazi!"

Tusimsingizie kijana wa watu. Ukumbi ule ulisaidia wengi. Wapo walioacha pombe pale, wapo waliokuja wameinama wakatoka wamenyooka. Na Msusi mwenyewe, siku za kwanza, alitoka pale mwepesi. Muziki unapiga, watu arobaini wanaruka kwa pamoja, wanachuchumaa na kuinuka kwa pamoja, wanapiga kelele moja, na katikati ya kelele ile pumzi inakuwa adimu kiasi kwamba kichwa kinasahau kila kitu isipokuwa kutafuta nyingine. Ndicho alichokitaka. Kwa muda ule wote dada yake hakuwa amekufa, wala hakuwa hai. Hakuwepo tu kwenye mawazo.

Taabu ni kwamba mwili unazoea. Kilichomzimisha kichwa wiki ya kwanza hakikumzimisha ya tatu. Akaongeza raundi, kisha akaanza kwenda asubuhi na jioni. Usingizi ukamkimbia, hasira zikawa karibu, vidole vikaanza kutetemeka kwenye nywele za watu. Hakulalamika hata mara moja. Chuma alimtaja mbele ya wote kama mfano: "Mwangalieni mama huyu! Hachoki!"

Aliyechoka alipelekwa ukutani. Ilikuwa sheria ya ukumbi: ukisimama kabla ya muda, unakwenda kwenye ukuta, unawatazama wenzako na kuwapigia makofi hadi mwisho. Wengine waliuogopa ukuta kwa aibu. Msusi aliuogopa kwa sababu nyingine. Ukutani pumzi inarudi, na pumzi ikirudi Redio naye anarudi nayo.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya nusu kichwa alikwenda kama kawaida, miguu ikimkatalia njia nzima. Katikati ya raundi ya tatu magoti yakalegea.

"Ukutani, mama! Pumzika!"

"Naweza!"

"Ukutani!"

Akaenda. Akaanza kupiga makofi, macho ya watu arobaini yamemwelekea kwenye vioo. Makofi yakawa madogo, yakawa madogo zaidi, kisha akateleza na ukuta hadi chini. Alipojaribu kuinuka, mapaja yalikataa kabisa. Muziki ulizimwa. Chuma akambeba mgongoni mwenyewe, akatoka naye mbio barabarani kutafuta gari.

Fundi Bomba alipigiwa simu akiwa chali chini ya sinki la watu. Aliondoka hajafunga hata maji.

*

"Mkojo wako umekuwa na rangi gani siku hizi?" daktari alimuuliza Msusi.

Akaona haya mbele ya mumewe. "Tangu juzi ni kama chai ya rangi."

"Na hukumwambia mtu?"

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anaongea huku anaandika. Akawaeleza kwamba misuli ikifanyishwa kazi kupita kiasi bila kupumzishwa inaanza kuvunjikavunjika, na uchafu wake unapita kwenye figo na kuziumiza. Umewahi kufika, akasema, ila ungeendelea hivi wiki nyingine, tungekuwa tunaongea mengine. Dripu, maji mengi, na kitanda.

"Mazoezi niache kabisa?"

"Nani kasema uache? Mwili wako unayataka, na akili pia. Nikikuruhusu utaanza kwa kutembea. Kisha mbio za polepole. Kipimo ni rahisi tu, uwe unaweza kuongea na mwenzako."

Fundi Bomba akageukia dirishani ili asionekane uso. Hata yeye hakujua kama anataka kucheka au kulia.

Nje kwenye benchi Chuma alikuwa amekaa na chupa mbili za maji, mkubwa vile, amejikunja kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Nilidhani anafurahia. Hajawahi kulalamika hata siku moja."

"Marahaba. Mke wangu huyo, mwanangu, akifurahia jambo mtaa mzima unajua. Akinyamaza ndipo uogope." Akachukua chupa moja. "Kaa. Umembeba, nashukuru."

Wodini Msusi alikuwa ametazama ukuta. Fundi akavuta kiti.

"Nieleze," alisema. "Sikugombezi. Nataka kujua tu kule kuna nini ambacho sisi hatuna."

Msusi akaacha ukuta, akamgeukia.

"Kule kichwa kinazimika," alisema. "Kwenu mnakwenda taratibu, mtu anabaki na nafasi ya kufikiri. Na pale katikati, pale dada alipokuwa anakimbia... mmepaacha wazi?"

"Tumepaacha. Hatukupanga. Tunakimbia, tunajikuta tumepaacha."

"Na nani anapiga soga?"

"Hakuna. Mwalimu alijaribu, akatuelezea vita fulani. Dereva alijaribu. Tunakimbia kimya tu sasa, hatujui hata tunakwenda haraka au polepole. Juzi Mwalimu kidogo aanguke." Akamshika ule mkono usio na sindano. "Mimi nilimpenda shemeji yangu. Namkumbuka kila asubuhi. Lakini yeye amekwenda, sina la kufanya. Wewe uko hapa, na nakukosa. Hilo ndilo linaloniua."

Mkono ule nao ukamshika, kwa nguvu.

*

Alipumzika kama alivyoambiwa. Vidole vikatulia. Yule mteja wa nusu kichwa alirudi, akasukwa upya pande zote mbili, na Msusi akamwambia pole, pole ya kweli, iliyochelewa. Binti aliondoa mafurushi ya taulo kwenye kiti cha pembeni bila kutumwa na mtu, akakipangusa vumbi.

Kisha asubuhi moja Fundi Bomba alipokuwa anafunga kamba za viatu, aliona mkewe anavaa vya kwake. Akaendelea na kamba zake. Alihofia kwamba akisema, atavivua.

Uwanjani walimpokea kama mtu aliyekosekana siku mbili. Mwalimu alimsalimia, Dereva wa Lori akalalamikia bei ya matairi, kila mtu akawa na shughuli na viatu vyake. Wakaanza kutembea, kisha wakaanza kukimbia polepole. Msusi alikaa pembeni, mumewe nyuma kama kawaida. Katikati palikuwa wazi. Mzunguko wa kwanza ulikwisha kimya. Zilisikika nyayo tu, na pumzi za watu wazima.

Walipoingia barabara ya maghala, alisogea. Hatua kwa hatua, hadi akawa katikati. Hakuna aliyegeuza shingo, na kila mmoja aliona.

"Breki ilikatika," alisema.

Dereva wa Lori akafumba macho, akayafumbua.

"Nilimuuliza, dada, mbona hatusimami? Akaniambia, tunawahi. Tunawahi wapi? Akasema, wewe shika tu. Chini ya mteremko kulikuwa na mtaro. Baiskeli ikaingia mtaroni, sisi tukapita juu yake. Usukani ulipinda. Yeye jino moja lilitoka. Mimi mguu huu, hapa kwenye kifundo, ukavimba papo hapo, siwezi kukanyaga." Sauti ilikuwa inakwenda vizuri, kwa pumzi ya mtu anayekimbia, na miguu yote ilikuwa inakwenda nayo. "Akanipandisha kwenye tandiko, akaanza kuisukuma baiskeli na mimi juu. Mbali! Na nyumbani tunajua kinachotusubiri. Nikaanza kulia. Sasa ninyi mnamjua Redio. Mlimkuta hivyo mlivyomkuta. Lakini dada yangu..."

Soga likakatika.

Mwendo ukapungua. Walipunguza wote kwa pamoja, kama walivyozoea. Walisubiri. Hakuendelea. Wakapunguza tena, mbio zikawa matembezi. Hakuendelea. Matembezi yakawa hatua moja moja, na hatimaye kundi zima likasimama katikati ya barabara ya maghala, watu kumi na kitu wenye jasho, kimya, wamemzunguka mwanamke anayelia kwa kwikwi. Mwenye baiskeli aliyekuwa anawahi kazini alipiga kengele, akaona nyuso zao, akashuka akapita pembeni. Hakuna aliyemwambia Msusi basi. Hakuna aliyesema tuendelee. Sheria ilikuwa wazi, soga likikatika unasubiri pumzi irudi.

Ilirudi. Alijifuta uso kwa ukosi wa fulana.

"Lakini dada yangu alikuwa mkimya," alisema, na sasa alisema polepole, kwa sauti ndogo. "Kabla ya siku ile alikuwa hasemi. Mama alikuwa anamtania kwamba hana ulimi. Siku ile aliponiona nalia, akaanza kuongea. Mdomo unamtoka damu, anaongea. Akanisimulia kila kitu alichokiona njiani, jiwe hili, ng'ombe yule, kwamba yule ng'ombe ameposwa, kwamba mahari yake ni kubwa. Mambo ya ovyo. Aliongea njia nzima, nisisikie mguu. Tulipofika nyumbani nilikuwa nacheka. Na hakunyamaza tena, maisha yake yote. Watu walidhani ndivyo alivyozaliwa."

Mwalimu Mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa ikiwa chafu vile vile. Dereva wa Lori alilia waziwazi bila kujificha. Msusi alivuta pumzi ndefu, akatupa mguu mmoja mbele, na wa pili, na kundi likaanza kutembea naye.

"Baba sasa," alisema. "Alikuwa amesimama mlangoni. Ngojeni niwaambie alivyosimama."

Kutoka nyuma kabisa sauti ikapaa, imepasuka kidogo katikati:

"Ongeza sauti! Huku nyuma hatusikii!"

Msusi alisita. Kisha akageuza kichwa bila kusimama.

"Nunua betri!" alimjibu mumewe, akaongeza sauti, na wakaongeza mwendo.